Sema Neno

Saa moja kasoro robo nafungua dirisha.
Wameshajipanga, wengine wamechuchumaa,
boflo mkononi, chai ya rangi kwenye kopo.
Namimina, natazama mkono, natazama koo.
Sheria yetu ni nyepesi kuliko kikombe:
meza, kunywa maji, kisha sema neno.
Sitaki shukurani. Kinywa kinachosema
hakina pa kuifichia dawa.

Machano hunitajia bei: "Pweza elfu kumi na mbili."
Raya, kanga imempita pua,
hutaja jina la mwanawe, lile lile, polepole,
kama anayelipima kwenye mizani.
Bwana Pandu hulalamika: "Sista, leo umetia shubiri."
Na Ussi wa Kwahani husema, "Kesho."
Basi. Siku mia na kumi na sita, Kesho,
na mie tiki, wino wa buluu,
mpaka ukurasa ukawa kama kofia
inayokaribia kwisha kushonwa.

Ramadhani ikaingia, dirisha likahamia usiku,
baada ya futari, kabla ya tarawehe.
Usiku wa kwanza Ussi hakuja.
Wa pili, foleni ikaiacha nafasi yake wazi,
hakuna aliyeisogelea.
Wa tatu. Wa nne.
Kofia ina haki ya matundu. Daftari halina.

Nikaenda alasiri, swaumu imenikausha ulimi.
Mamake, Bi Kazija, alinipokea kwa kiti na kwa hoja:
"Kaka yake amesema, anayefunga kwa nia
hana haja na kikombe cha serikali.
Huko si kuacha, ni kubadilisha duka."
Chumba cha ndani, Ussi amejikunyata,
blanketi juu, jasho chini,
arosto inamtafuna magoti.
Sikumwuliza kama ameipitia maskani.
Nilimwambia, "Nambari yako arubaini na moja.
Hatujampa mtu."

Bi Kazija akafungua friji kuweka tende.
Mlangoni, ubavuni mwa mayai,
kichupa chake cha insulini
kimefungwa kwa mpira wa nywele.
Nikauliza, "Na hii nayo, utaiacha lini?"
Alikitazama muda mrefu, friji wazi,
baridi ikimwagika miguuni petu,
mota ikaanza kunung'unika.
Hakunijibu.
Akaifunga friji kwa goti.

Usiku ule walikuja wawili.
Daktari akashusha dozi: ukiruka siku nyingi hivyo
unarudishwa alifu, herufi zote upya.
Ussi alikitikisa kikombe kama mtu aliyepunjwa.
Akameza. Akanywa maji. Nikangoja.
Mama, kumbe ameshahadithiwa, akadakia nyuma yake:
"Kesho!"
"Si wewe, mama. Yeye."
Foleni ikacheka, hata Raya, ndani ya kanga.
Ussi akalowanisha midomo, akageuza uso pembeni:
"Mama miguu inamwuma. Kiti hakuna?"

Nikatia tiki. Nikampitishia kiti changu,
nikamaliza zamu nimesimama.

Wakati wa daku, peke yangu jikoni,
nilimeza kidonge changu cha presha, nikanywa maji,
na kabla sijafunga kabati nikajisikia nikisema,
kumwambia nani sijui,
"Pweza elfu kumi na mbili."